Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kupiga picha ngumi na kikapu ndani ya ukumbi wenye taa mbovu

Haya maswali naulizwa karibu kila pambano, mengine naulizwa pembeni ya ulingo raundi inaendelea, kwa hiyo nimeyaweka hapa yote pamoja, anayehitaji asome kwa nafasi yake. Mi napiga zaidi ngumi na kikapu, Dar, kwenye kumbi za kawaida tunazozijua wote, taa nne juu ya ulingo na giza totoro kila upande. Wavu, netiboli na taekwondo nimezigusa pia kwa sababu shida ya mwanga ni ileile.

Kaka, kamera yangu ni nzuri tu, mbona picha za ngumi zote zinatoka na ukungu?

Shata yako ipo chini, yaani ule muda kamera inaofunguka kupokea mwanga, unaohesabiwa kwa vipande vya sekunde, ni mrefu mno. Ukiingia ukumbini jicho linazoea lile giza ndani ya dakika chache unaona mbona kweupe tu, lakini kamera haizoei, kamera inapima. Ukiiacha kwenye Auto inaona mwanga hautoshi inashusha shata hadi 1/60 au 1/125, na hiyo inafaa kwa mtu aliyesimama anapozi, bondia akirusha ngumi ya kushoto unapata wingu jekundu mahali pa glovu na sura imefutika.

Kwa ngumi usishuke chini ya 1/640, ukiweza kaa kwenye 1/800 mpaka 1/1000. Kikapu hivohivo, 1/500 ni pale umebanwa kabisa. Smashi ya wavu na badminton panda mpaka 1/1250 na zaidi, maana mkono wa anayepiga smashi unaenda kasi kuliko mwili wake wote. Kitu cha kwanza kuamua ukifika ukumbini ni shata, vingine vyote vinafuata nyuma yake, na hapa ndo wengi wanakosea wanaanza na ISO, ile namba ya wepesi wa kamera kupokea mwanga, kwa kuogopa chenga, vile vidoti vinavyochafua picha.

Nikipandisha shata picha inakuwa nyeusi kabisa, nifanyeje?

Fungua tundu la lenzi mpaka mwisho wake (ndo ile namba ya f/, ikiwa ndogo tundu ni kubwa), halafu pandisha ISO mpaka uso wa mchezaji uonekane. Hamna njia ya tatu ukiacha kuongeza taa, na taa za ukumbi si zako.

Ngoja nikupe hesabu maana hesabu ndo inafungua macho. Ukumbi mwingi wa kawaida unakuta kwenye f/2.8 na shata ya 1/1000 unahitaji ISO 6400 hivi. Sasa wewe una lenzi iliyokuja na kamera, ile 18-55, ukizoom mpaka mwisho tundu lake ni f/5.6, inaingiza mwanga robo ya ule wa f/2.8, kwa hiyo ISO inabidi iende 25600. Mwenzako aliyekaa pembeni yako na 50mm ya f/1.8, lenzi ndogo isiyo na zoom, yeye yupo kwenye ISO 2500 tu. Kamera ileile, ukumbi uleule, yeye anatumia ISO ndogo mara kumi kuliko yako.

Kwa hiyo ninunue lenzi gani kwanza? Hela yenyewe ya mawazo.

50mm f/1.8, hata iliyotumika, zipo Kariakoo na zipo kwa watu wanaouza ili wapande. Ukiwa na kamera yenye sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) hiyo 50mm inakaa vizuri sana chini ya goli la kikapu na pembeni ya ulingo. Ya pili iwe 85mm f/1.8. Hizo mbili zimelisha familia za wapiga picha wengi. 70-200 f/2.8 ni tamu, siwezi kukudanganya, unakaa sehemu moja unavuta kila kitu, ila ni hela nyingi, na f/1.8 bado inaingiza mwanga zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Usikubali mtu akuuzie 70-300 ya f/4-5.6 kwa ajili ya ndani eti kwa sababu inafika mbali. Inafika mbali lakini gizani.

Na ukinunua iliyotumika nenda na kamera yako, fungua tundu mpaka mwisho, piga kitu chenye maandishi madogo, kuza uangalie. Angalia na ndani kwa tochi ya simu kama kuna fangasi, joto na unyevu wa Pwani unazila lenzi kimyakimya, utaona kama utando wa buibui.

ISO 6400 si itajaa chenga?

Itakuwa na chenga, ndiyo, na picha itauzika. Chenga inasameheka. Msomaji wa gazeti haioni, mtu anayeangalia kwenye simu haioni, bondia mwenyewe ukimtumia picha ngumi imetua shavuni na jasho linaruka hawezi kukuuliza habari ya chenga. Picha iliyotikisika haina dawa, hamna programu inayorudisha sura iliyofutika.

Kosa kubwa zaidi ninaloliona ni mtu anaogopa 6400 anapiga na 1600 picha inatoka nyeusi, anasema nitaiangaza nikifika home. Ukiiangaza chenga zinazotoka kwenye vivuli ni mbaya kuliko zile ambazo ungezipata kwa kupiga 6400 tangu mwanzo, kwenye kamera nyingi iko hivo. Angaza pale pale ukumbini. Programu za siku hizi za kusafisha chenga zina akili sana, Lightroom, ile programu ya kuhariri picha, iliweka ya kwake mwaka 2023, lakini zinafanya kazi vizuri kwenye faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaitengeneza, ambalo lilipata mwanga wa kutosha.

Mbona napiga mfululizo, picha moja nyeupe, inayofuata ya kahawia, nyingine ina mstari mweusi katikati? Kamera imeharibika?

Haijaharibika. Hili swali nalijibu kwa urefu kwa sababu liliwahi kunitoa jasho. Pambano la kwanza nililolipwa, nilirudi nyumbani nikakuta karibu nusu ya picha zina rangi ya ajabu, nusu ya juu njano nusu ya chini zambarau. Nilihangaika wiki nzima natafuta fundi wa kamera. Kumbe ni taa.

Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za ukumbini, zile za mekyuri, tyubulaiti, metali halaidi, pamoja na LED za bei chee, zinawaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Jicho halioni. Lakini wewe ukipiga na 1/1000 unachukua kipande kimoja cha kumi cha huo mzunguko mmoja, mara unaikuta taa ipo juu, mara inafifia, na zile taa za zamani zikififia zinabadilika na rangi. Ule mstari unatokea kwa sababu shata haifunguki picha nzima kwa wakati mmoja, inapita kama pazia lenye mwanya, juu ya picha inapata taa ikiwa imewaka na chini inapata taa imeshaanza kufifia.

Kujua kama ukumbi una hili tatizo ni rahisi sana, fika mapema, toa simu, rekodi video ya slomosheni ukiwa umeielekezea taa. Ikipepesa umeshajua. Kuna kumbi taa zimegawanywa kwenye fezi tatu za umeme, moja ikififia nyingine inawaka, hapo unasalimika, ndo maana ukumbi mmoja unakutesa na mwingine wenye taa za aina ileile haukutesi.

Dawa yake: angalia kwenye menyu ya kamera kama kuna kitu kimeandikwa Anti-flicker au Flicker reduction. Canon waliiweka kwenye 7D Mark II mwaka 2014, Nikon ikaja kwenye D500 mwaka 2016, na kamera nyingi zilizofuata wanayo. Ukiiwasha kamera inasubiri taa ifike juu ndo inafyatua. Itapunguza kidogo kasi ya mfululizo, vumilia. Kama kamera yako haina, piga picha nyingi zaidi ya kawaida kwenye kila tukio ukijua baadhi zitakufa, na zile za mchezaji aliyetulia, kona, kocha, mashabiki, shusha mpaka 1/100, hapo unachukua mzunguko mzima na rangi inatulia.

Nina mirrorless (kamera isiyo na kioo ndani), nimeweka shata ya kimya ili nisisumbue watu, sasa picha zina michirizi kibao.

Zima hiyo ya kimya, rudi kwenye shata ya kawaida. Shata ya kielektroniki kwenye kamera nyingi inasoma sensa taratibu, mstari kwa mstari, kwa hiyo taa inapepesa mara kadhaa ndani ya picha moja, na mkono unaoenda kasi unaweza kupinda kama mpira. Kamera za bei kubwa zinasoma haraka, Nikon Z9 haina kabisa shata ya mitambo, na Sony a9 III inasoma sensa yote kwa mpigo mmoja. Kama huna hizo, acha ilie. Ukumbini kuna makelele, hamna atakayekusikia.

Nitumie M au niiachie kamera yenyewe?

M, yaani manual, unapanga vipimo mwenyewe. Kamera ikiona ukuta mweusi nyuma ya bondia inafikiri picha ni giza inaongeza mwanga uso unaungua, ikiona jezi nyeupe inapunguza sura zinakuwa masizi. Taa za ukumbini hazibadilikibadiliki kama jua na mawingu, ukishapata vipimo vya katikati ya ulingo unakaa navyo usiku mzima. Na hapa niseme jambo moja kwa uzito: pimia kwenye ngozi ya mchezaji. Wachezaji wetu wengi wana ngozi nyeusi, taa inapiga kutoka juu, jasho linang'aa kipajini na macho yanaingia kivulini, ukipimia kwenye kaptula ya satini inayong'aa utapata kaptula nzuri na mtu asiye na sura. Iache kaptula iungue kidogo, uso uonekane.

Kwenye kikapu tembea kabla ya mechi, piga picha chini ya goli zote mbili na katikati. Mara nyingi goli moja lina giza kuliko lingine kwa sababu kuna taa imeungua miaka mingi hamna aliyeibadilisha. Kaa upande wenye mwanga.

Fokasi inakimbilia kamba au refa badala ya bondia.

Weka fokasi ya kufuatilia, Nikon na Sony wanaiita AF-C, Canon ni AI Servo au Servo tu. Chagua kisanduku kimoja au kikundi kidogo, usiache kamera ichague yenyewe picha nzima. Kamera za zamani kisanduku cha katikati ndo chenye nguvu gizani, kitumie hicho, picha utaikropu baadaye. Kwenye menyu kuna sehemu ya kuiambia kamera isiwe na papara ya kuhama, itumie, ili refa akikatiza katikati fokasi ibaki kwa bondia wako.

Nyingine, hamisha fokasi kwenye kitufe cha nyuma cha dole gumba. Siku mbili za kwanza utachanganyikiwa, wiki ya pili hutaki kurudi. Kwa kikapu kuna ujanja wa wazee, unaweka fokasi kwenye ringi, unatoa dole, unasubiri. Ringi haihami, ipo mita 3.05 siku zote, anayekuja kudanki lazima aje hapo.

Nikae wapi?

Ngumi: uwe jirani na ulingo, lenzi ipite kati ya kamba, sio nyuma ya kamba. Ukikaa mbali kamba itapita usoni kwa mtu kila picha. Piga kutokea chini kidogo, kwa sababu mwanga unatoka juu na bondia akiinua kidevu mwanga unaingia machoni, akiinama huna picha. Kwa hiyo usifyatue hovyo, subiri videvu. Bondia mrefu anayepigana na kichwa juu atakupa picha nyingi kuliko yule anayejikunja muda wote, na ukimwangalia raundi ya kwanza bila papara utajua anarusha mkono gani baada ya upi. Wengi wana tabia, anagusa pua kwa glovu, anashusha bega, halafu unakuja ule mkono wa kulia. Ukiona kwenye kioo cha kamera ngumi imeshatua ujue umeshachelewa. Fyatua inapoanza safari.

Dakika moja ya mapumziko usiitumie yote kuangalia picha ulizopiga. Kona ndo kwenye maisha, kocha anamwagia maji, bondia anahema macho hayapo, na wametulia kwa hiyo unaweza kushusha shata 1/200 na ISO yako ikapumua. Ila kumbuka kurudisha, nimewahi kusahau raundi nzima.

Kikapu: kaa chini kwenye mstari wa nyuma, pembeni ya goli, mita 2 kutoka mstarini, hiyo nafasi sheria inataka iwe wazi na mchezaji akija kwa kasi akakuangukia mnaumia wote wawili. Subiri kilele. Mtu akiruka kuna sehemu ya sekunde kule juu haendi juu wala hashuki, amening'inia, hapo hata 1/500 inaganda vizuri. Na usikimbize mpira peke yake, baada ya kufunga geuza kamera kwenye benchi.

Netiboli nawashauri wanaoanza waanzie hapo. Mwenye mpira haruhusiwi kutembea nao na ana sekunde 3 tu za kuutoa, mfungaji anasimama, analenga, mabeki wananyoosha mikono mbele yake. Unapata muda wa kupumua na picha inakuwa kali.

Kwa nini nisitumie flashi tu niondokane na haya yote?

Ya juu ya kamera, hapana. Inampiga bondia machoni kwenye sekunde ambayo ngumi inakuja, na huyo mtu anaweza kuumia kwa ajili ya picha yako. Jimnastiki, badminton na meza tenisi flashi imekatazwa. Ukiacha hilo, ukipiga ya kwanza inabidi ijichaji, tukio linaisha.

Flashi kubwa zinazofungwa darini ni habari nyingine. Ile picha maarufu ya Muhammad Ali amesimama juu ya Sonny Liston anamfokea, Neil Leifer wa jarida la Sports Illustrated aliipiga Lewiston, Maine, Marekani, tarehe 25 Mei 1965, flashi zikiwa zimening'inizwa juu ya ulingo. Angalia vizuri katikati ya miguu ya Ali utamwona mpiga picha mwingine, Herb Scharfman, mzoefu kuliko Leifer, wa jarida lilelile, ila yeye Ali alimpa mgongo. Mnachagua upande kabla ya kengele, basi. Marekani hadi leo kwenye NBA wanafunga flashi darini. Kwetu ukimwendea promota ukamwambia unataka kupanda darini na nyaya atakushangaa, kwa hiyo tunaishi na taa zilizopo.

Rangi za ngozi zinatoka kijani au chungwa.

Usiache mizani ya weupe (white balance) kwenye Auto, kila picha itakuwa na rangi yake. Fika mapema, weka karatasi nyeupe au kadi ya kijivu katikati ya ulingo, piga, iambie kamera hii ndo nyeupe. Angalia pia kama kuna taa za disko zinazowashwa mabondia wakiingia, zile za bluu na pinki, hizo hazirekebishiki, zipokee hivohivo au geuza picha nyeusi na nyeupe.

Mi nina simu tu. Nikae nyumbani?

Usikae nyumbani. Tumia lenzi kuu, ile ya 1x, ndo yenye tundu kubwa na sensa kubwa, usizoom, sogea. Zima naiti modi, ile inaunganisha picha nyingi kuwa moja na mtu anayecheza anageuka mzimu. Ukiwa na Pro modi weka shata 1/500 na upandishe ISO, itachafuka lakini itaganda. Kisha chagua matukio yanayofaa simu: bondia anaingia, mkono wa mshindi unainuliwa, wanakumbatiana baada ya kengele, mama yake kwenye kiti. Video weka fremu 25 au 50 na shata 1/50 au 1/100 ili taa zisipepese.

RAW au JPEG?

Zote mbili kama kadi inaruhusu. JPEG ya kutuma haraka kwa WhatsApp kabla pambano linalofuata halijaanza, RAW ya kutengeneza kesho. Ukiona kamera inagoma katikati ya mfululizo ni kadi yako inaandika taratibu au bafa, kumbukumbu ya muda ya kamera, imejaa, piga vifungu vifupi vya picha tatu nne.

Wananiondoa pembeni ya ulingo kila mara, napataje nafasi?

Usiende siku ya pambano. Nenda siku ya kupima uzito, jitambulishe kwa promota na makocha, piga pale, watumie picha usiku huohuo bila kudai chochote. Nenda hata gym wanapofanyia mazoezi, taa zao ni mbaya kuliko za ukumbini kwa hiyo ni shule. Ukiruhusiwa, vaa nguo nyeusi, kaa chini usimzibe jaji wala watu waliolipa viti vya mbele, begi liweke chini ya ulingo. Bondia akikatika vibaya au akizimia, piga kama kazi inataka, ila subiri familia yake ijue hali yake kabla hujaiposti. Na picha nzuri ya aliyepigwa akiwa amesimama, mtumie na yeye. Wanatumiwa wachache sana.